Jinsi ya kumwomba Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma apitie upya shtaka la mteja wako

Barua nyingi za kuomba shtaka lipitiwe upya zinafanana. Mteja wangu ni kijana mwenye adabu, ana mke na watoto wawili, hajawahi kushtakiwa, tafadhali muoneeni huruma. Barua inasomwa, inatiwa kwenye faili, na kesi inaendelea kana kwamba hakuna aliyeandika. Huruma ina siku yake, nayo ni siku ya kuomba kupunguziwa adhabu. Anayesoma barua yako katika ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka anatafuta kitu kimoja tu: je, ukweli uliomo kwenye faili unatosha kulibeba shtaka hili?

Mamlaka ya kushtaki nchini Kenya yako kwenye Kifungu cha 157 cha Katiba, kwa hiyo ombi linakwenda kwa Mkurugenzi, wala si kwa polisi aliyemkamata mteja na wala si kwa hakimu. Mwongozo wa ofisi yake wa mwaka 2019 kuhusu uamuzi wa kushtaki una vipimo viwili, ushahidi na maslahi ya umma. Anza na ushahidi. Ukishinda hapo, cha pili huenda usikihitaji.

Kabla ya kuandika neno lolote, pata karatasi. Kifungu cha 50(2)(j) cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutegemea. Iombe mahakamani siku ile ile anapojibu shtaka: hati ya mashtaka, taarifa za mashahidi, nakala ya kitabu cha matukio cha kituo, na fomu ya P3, ile ya uchunguzi wa daktari, kama kuna anayedai kuumizwa. Siku hiyo hiyo omba dhamana. Hata shtaka lenye adhabu ya kifo linadhaminika, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kuinyima.

Sasa kazi yenyewe. Tuchukue mfano. Mteja ni mwendeshaji bodaboda. Saa tano usiku abiria alikataa kulipa nauli, wakavutana, na mwendeshaji mwenzake alikuwa amesimama kando. Abiria aliondoka bila simu, akaenda kituoni. Mteja ameshtakiwa kwa wizi wa mabavu chini ya vifungu vya 295 na 296(2) vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Adhabu ni kifo. Usimtulize kwa kumwambia kwamba kesi ya Muruatetu ya 2017, iliyofuta ulazima wa adhabu ya kifo, ilimaliza jambo hilo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilieleza kuwa uamuzi ule ulihusu mauaji pekee.

Chora jedwali la safu mbili. Kushoto andika maneno ya kifungu, moja moja, bila kuruka hata "au". Kulia andika ukweli unaolingana na kila neno, na karatasi ulikoutoa. Usiandike alichokuambia mteja. Andika kile mashahidi wa upande wa mashtaka wenyewe walichosema.

Wengi huanzia 296(2) kwa sababu ndiko kuna kitanzi. Wanaona mteja hakuwa na silaha, wanafurahi. Lakini kifungu kinasema silaha, au kuwa pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi, au kujeruhi, kupiga au kumtumia mtu nguvu kwa njia nyingine. Moja linatosha, na yule mwenzake aliyesimama kando tayari yumo kwenye hati. Unaweza kubishana kwamba kusimama tu si kuwa na nia ya pamoja kama inavyotakiwa na kifungu cha 21, na hoja hiyo iandike, ila usiitegemee peke yake.

Shuka chini. Hakuna 296(2) bila unyang'anyi wa 295, na hakuna unyang'anyi bila wizi wa 268. Hapo kwenye 268 ndipo nilipojikwaa mwaka wangu wa kwanza. Niliandika kwa kujiamini kwamba mteja hakuiba, aliishika tu simu kama rehani ya nauli yake. Kiongozi wa mashtaka alinishukuru kwa upole. Sikuwa nimesoma hadi kifungu kidogo cha pili, ambako kuchukua mali ya mtu kwa nia ya kuitumia kama rehani kumetajwa waziwazi kuwa ni nia ya udanganyifu. Nilikuwa nimekiri kwa niaba ya mteja, kwa barua yenye nembo ya ofisi.

Ipo kinga ya kifungu cha 8, ya mtu anayeamini kwa dhati kwamba ana haki juu ya mali. Kwa bodaboda wetu ina udhaifu: anachodai ni nauli, na alichochukua ni simu. Iweke, lakini iwe ya pili.

Hoja ya kwanza iko kwenye 295, na inaonekana tu ukisoma taarifa ya mlalamikaji polepole. Kifungu kinataka nguvu zitumike, au zitishiwe, ili kukipata kitu au kubaki nacho. Mlalamikaji wetu anasema hivi: "Alinishika shati akidai pesa yake, tukavutana, simu ikaanguka, akaiokota." Basi kuvutana kulihusu nauli. Wakati huo simu ilikuwa bado mfukoni na hakuna aliyeitaka. Kitenzi kile cha mwisho, akaiokota, ndicho kinachotenganisha nguvu na simu, na kimetoka kinywani mwa mlalamikaji mwenyewe. Kinachobaki labda ni shambulio la kawaida la kifungu cha 250, ambalo adhabu yake haizidi mwaka mmoja, au la 251 kama P3 inaonyesha jeraha, na pengine wizi wa 275 usiozidi miaka mitatu.

Barua iwe ya kurasa mbili, tatu zikizidi. Juu weka nambari ya kesi, mahakama, kituo cha polisi, jina la mshtakiwa na tarehe inayofuata ya kesi. Aya ya kwanza iseme unachoomba: shtaka liondolewe, au libadilishwe liwe la kifungu fulani. Kitaje. Kisha hoja zako kutoka kwenye jedwali, kila moja na ukurasa wa taarifa unayoitaja, na nakala ziambatishwe. Andika kwamba barua haiathiri haki za mteja, na usisimulie upande wake wa hadithi zaidi ya lazima. Kama mlalamikaji amerudishiwa simu na hana kinyongo, hiyo ni ya aya ya mwisho, kwenye maslahi ya umma.

Peleka nakala mbili kwenye ofisi ya Mkurugenzi iliyo katika kaunti ambako kesi inasikilizwa, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala ya tatu mpe kiongozi wa mashtaka anayeishika kesi, mkononi. Halafu mwombe hakimu tarehe ya kutajwa ili majibu yaelezwe mahakamani. Mwambie mteja mara mbili, na ya tatu mbele ya mdhamini wake: barua haisimamishi kesi. Asipofika, hati ya kumkamata itatolewa hata kama barua yako ni nzuri ajabu.

Ombi likikubaliwa, shtaka hubadilishwa chini ya kifungu cha 214 cha Kanuni ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, Sura ya 75, na mteja husomewa upya na kujibu upya. Kaa naye jioni iliyotangulia, asije akafurahia kushuka kwa shtaka akakubali kila kinachosomwa. Likiondolewa chini ya 87(a) kabla hajatakiwa kujitetea, ameachiliwa tu, hajaondolewa hatia, na anaweza kukamatwa tena kwa jambo lile lile. Mweleze hivyo kabla hajaanza kuwapigia simu jamaa zake.

Likikataliwa, jedwali bado ni lako. Mlalamikaji atakapopanda kizimbani, fungua taarifa yake kwenye lile neno akaiokota na umuulize simu ilikuwa wapi walipokuwa wakivutana. Jibu lake ndilo utakalolitumia kuomba, chini ya kifungu cha 210 cha Sura ya 75, mteja asionekane kuwa na kesi ya kujibu.