Kufunga marobota ya hei kwa sanduku la mbao

Ng'ombe wangu wawili wa maziwa wanakula Boma Rhodes, nyasi iliyotoka kituo cha utafiti cha Kitale, Kenya. Mashine ya kufungia hei, yaani nyasi zilizokaushwa, sina. Nina sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45.

Kata nyasi wakati karibu nusu yake imechanua. Ukisubiri mbegu zikomae utavuna mabua matupu. Anika siku mbili hadi tatu huku ukizigeuza, kisha chukua konzi moja uisokote kwa nguvu: ukihisi unyevu viganjani, rudisha juani. Usiharakishe hata wingu likitanda. Mwaka juzi nilifunga zikiwa mbichi kidogo, nikakuta ukungu mweupe ndani ya marobota. Nilitupa yote, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, hupita hadi kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

Tandaza kamba mbili za katani ndani ya sanduku kwanza, ncha zikining'inia nje. Jaza, kanyaga kwa miguu, jaza tena hadi lishibe. Funga kamba, nyanyua sanduku. Robota moja ni kama kilo 20. Yapange juu ya fito, mbali na ukuta.