Jinsi ya kutunza mshono wa feslifti, hasa ule wa nyuma ya sikio

Mama mdogo alirudi kutoka Istanbul siku ya 11 baada ya feslifti, yaani kunyooshwa ngozi ya uso kwa upasuaji, stepla zingine (vile vipini vya chuma vya kufungia kidonda) bado ziko kichwani na karatasi ya maelekezo imekunjwa kwenye pochi hajaisoma. Mimi ni nesi, nimekaa sana wodi ya upasuaji, kwahiyo alinipigia mimi kabla hajawapigia hata watoto wake. Nilipomvua mtandio nikakuta mbele ya masikio pasafi kabisa, unaona mtu alikuwa anajiangalia kwenye kioo kila saa, alafu nikakunja sikio la kushoto nikaangalia kwa nyuma, jamani, gamba jeusi nene limeshikana na nywele na katikati kuna uzi umesahaulika. Alikuwa hajui kama na huko kuna mshono.

Na hayuko peke yake. Mshono wa feslifti kwa kawaida unaanzia kwenye nywele za panja, unashuka mbele ya sikio, unazunguka ndewe, unapanda nyuma ya sikio kwenye ule mkunjo, alafu unaingia kwenye nywele za kisogoni. Wengine wanaongezewa mshono mdogo chini ya kidevu. Sasa sehemu ya nyuma ya sikio ndo ngozi inakovutwa sana na damu inafika kwa shida, kwahiyo ndo inayochelewa kupona na ndo ngozi inapoweza hata kufa ikawa nyeusi. Kabla hujaruhusiwa kutoka hospitali mwombe daktari akuonyeshe mishono yote, akuambie wapi ni nyuzi za kutolewa, wapi zinayeyuka zenyewe na wapi ni stepla, na mtu wako apige picha kila upande. Hizo picha utazihitaji sana mbele ya safari.

Siku 2 za kwanza kazi yako sio kusafisha, kazi yako ni kutulia. Utakuwa umefungwa bandeji kichwa kizima na pengine kuna mirija midogo ya kutolea damu, usiviguse mpaka hospitali waondoe wenyewe. Hapa kuna hatari moja ambayo kila anayekuuguza aijue, damu kuvilia chini ya ngozi. Mara nyingi inatokea ndani ya masaa 24 ya kwanza, na wenye presha na wanaume wako kwenye hatari zaidi. Uso kuvimba ni kawaida, ila upande mmoja ukivimba ghafla kuliko mwenzie, ngozi ikakaza kama ngoma, maumivu yanapanda na dawa haishiki, hapo usisubiri kukuche, usikande na barafu ukalala, nenda hospitali usiku huohuo. Ile damu ikikaa inaibana ngozi iliyoinuliwa mpaka inakosa damu yake yenyewe. Dawa zako za presha meza kama daktari alivyopanga, usiruke. Usiinue ndoo ya maji, usibebe mtoto, na usijikamue chooni, choo kikiwa kigumu omba dawa ya kulainisha. Kwa maumivu meza alichokuandikia daktari, usijinunulie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki dukani maana zinachochea damu kutoka, na vidonge vya kitunguu saumu au vitamini E weka pembeni mpaka uruhusiwe.

Bandeji ikishatolewa na daktari akaruhusu maji, ndo usafi unaanza, asubuhi na jioni. Nilivyomfanyia mama mdogo ni hivi. Nilinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikachemsha maji nikayaacha yapoe mpaka vuguvugu, nikamkalisha mgongo dirishani nipate mwanga. Kipande cha gozi nikakilowesha kwa maji yenye sabuni kidogo ya mtoto, nikakiweka juu ya lile gamba nikakiacha dakika 10, sikusugua, nikamwambia asiongee sana maana taya likicheza na sikio linacheza. Alafu nikachukua kijiti cha pamba kilicholowa nikawa nakizungusha pembeni mwa gamba taratibu, linaloachia linatoka, lisiloachia naliacha mpaka kesho. Lilichukua siku 3 kuisha, na chini yake palikuwa na ngozi ya pinki inayong'aa, nzuri tu. Ningelibandua siku ya kwanza ningeondoka na hiyo ngozi mpya. Ukimaliza kausha kwa kugusagusa na gozi safi, alafu paka mafuta ya mgando tabaka jembamba sana, au oitimenti uliyopewa, mshono ung'ae kidogo tu usilowe. Najua wazee wetu wanasema kidonda kiachwe kikauke kwa upepo, lakini tangu utafiti wa George Winter wa Uingereza mwaka 1962 inajulikana kidonda chenye unyevu kidogo kinafunga ngozi haraka kuliko kilichokauka gamba.

Spiriti, dettol, haidrojeni paroksaidi kila siku, hapana, zinaunguza chembe changa zinazojenga ngozi. Majivu hapana, dawa ya meno hapana. Na ile tabia ya kupasua kidonge cha rangi mbili ukamwaga unga kwenye mshono naomba kabisa tuiache, unga unaganda na uchafu chini yake, na antibayotiki haijatengenezwa itumike hivyo.

Nywele kwa kawaida unaweza kuosha kuanzia siku ya 3 hivi kama daktari amekubali, shampuu ya mtoto, maji vuguvugu, mtu akusaidie umeegemea nyuma sio kuinamisha kichwa. Alafu kuna jambo watu wanalidharau, ganzi. Masikio na mashavu yanaweza kukaa wiki hadi miezi huhisi kitu, kwahiyo draya ya moto, pasi ya nywele, chupa ya maji ya moto, hata barafu iliyowekwa moja kwa moja kwenye ngozi, vyote vinaweza kukuunguza na usijue mpaka uone lengelenge. Dawa ya nywele na rangi subiri wiki 6, na kusuka vilevile, rasta zinavuta kichwa pale pale penye mshono. Wigi la gundi usahau kwa sasa.

Kulala ni chali, mito 2 au 3 kichwa kiwe juu, wiki 2 nzima, ukitaka kugeuka kuangalia kitu geuka na mabega. Nguo za vifungo mbele, dera la kuvaa kwa kichwani linaburuta masikio. Mtandio au hijabu iwe ya pamba laini, ilegee, pini isiwe karibu na sikio. Barakoa ya kamba za masikioni inakaa juu ya mshono kabisa, tumia ya kufunga kisogoni. Simu weka spika. Miwani muulize daktari lini, hereni subiri mpaka ndewe lipone vizuri. Kwa wanaoswali, swali umekaa kwenye kiti siku hizo, kusujudu kunashusha damu yote usoni, na dini imeturuhusu mgonjwa aswali anavyoweza. Chakula ni laini, mtori, uji, mayai, samaki, maharage yaliyoiva sana, sio mahindi ya kuchoma wala miwa, na chumvi punguza.

Sigara ndo adui mkubwa wa mshono huu na naomba usinifiche mgonjwa wangu, shisha ni sigara, ugoro na kuberi ni sigara, vepu pia. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya nyuma ya sikio inaishi kwa hiyo mishipa. Madaktari wengi wanataka uache wiki 4 kabla na wiki kadhaa baada ya upasuaji.

Mshono ulioiva usaha kwenye ngozi zetu hautakuwa mwekundu kama kwenye picha za mtandaoni. Utaona pameiva rangi ya zambarau au pamekuwa peusi zaidi, panang'aa, ukiweka mgongo wa mkono pana joto kuliko upande mwingine, panauma kuzidi jana, maji mazito au harufu, au homa ya 38 kwenda juu. Hapo linganisha na zile picha, na uende hospitali siku hiyohiyo. Ukiona ngozi imekuwa nyeusi kama ngozi kavu ya kiatu usiikate, daktari aione kwanza.

Nyuzi za mbele ya sikio kawaida zinatoka siku ya 5 mpaka ya 7, za nyuma na stepla za kwenye nywele siku ya 7 mpaka 14. Kama ulifanyiwa nje panga tiketi baada ya hapo, au uje na barua ya daktari inayosema zimebaki ngapi na wapi. Mama mdogo hakupewa hiyo barua, nikahesabu kwa kupapasa nywele na tochi ya simu, zilikuwa 6, tukaenda kwa daktari zikatolewa.

Mshono ukifunga kabisa, hamna gamba wala unyevu, kama wiki ya 3, ndo unaanza jeli ya silikoni au plasta zake, kila siku kwa miezi 2 au 3. Jua lisiupige, kofia pana na sanskrini ya SPF 30 kwenda juu, la sivyo kovu linabaki na weusi. Mkorogo usiusogeze karibu, krimu nyingi za hivyo zina steroidi zinazofanya ngozi iwe nyembamba na kuchelewesha kupona.

Alafu keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Sisi wenye ngozi nyeusi tunazipata kuliko wengine, na masikioni ndo kwao. Kama uliwahi kuota keloidi baada ya kutoboa sikio au baada ya opereshen ya uzazi, mwambie daktari wa upasuaji kabla hajashika kisu. Mara nyingi haiji mapema, inaweza kuja miezi mingi baadae mshono ukiwa umeshasahaulika. Pitisha kidole nyuma ya sikio kila wiki mpaka mwaka uishe. Mwezi wa 4 baada ya upasuaji mama mdogo alianza kujikuna nyuma ya sikio la kushoto, nikapapasa nikakuta kigumu kama punje ya mchele chini ya ngozi. Akaenda kwa daktari wa ngozi, akachomwa palepale sindano ya triamsinoloni, dawa ya kunywesha keloidi, akapangiwa kurudi baada ya wiki 4. Alichomwa mara 3, ile punje ikalala.