Flashi ya kuwekea gemu za PS na Xbox, angalia haya kabla hujalipa

Ukiingia maduka ya downtown Kampala muuzaji atakuuliza tu "GB ngapi ssebo?", lakini swali la kwanza ni spidi, iwe USB 3.0 au zaidi maana ile 2.0 konsoli (mashine yenyewe ya gemu) itaikataa kuwekea gemu. PS4 na PS5 zinataka kuanzia 250GB, kwa hiyo flashi ya 128 kwa PS sahau, Xbox One ndio inaikubali. Halafu gemu za PS5 zenyewe hazichezeki kutoka USB, unazihifadhi tu, za PS4 zinacheza fresh.

Sasa feki, hapo ndo watu wanalia. Flashi imeandikwa 2TB na bei yake ni ya rolex mbili (zile chapati za mayai), hiyo kaka achana nayo, ndani ina GB chache na ikijaa inaanza kuharibu mafaili. Kubaliana na muuzaji utarudisha, nenda uijaze yote na H2testw, programu ya kupima flashi, kwenye laptop, inachukua masaa lakini haidanganyi.

Konsoli itaifomati, yaani itafuta vyote, so toa picha zako kwanza. Na usipitishe kwenye hub (kigawanyio cha USB), chomeka moja kwa moja. Mimi kwa gemu nyingi ningechukua SSD ya nje tu (diski ya kasi ya kuchomeka), flashi zinachemka sana.