SOMO: Besi ni nini hasa (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Swali hili nimelijibu mara nne wiki hii. Naliweka hapa moja kwa moja.

1. Besi ni kitu kinachopokea protoni (H⁺) kutoka kwa kingine. Ndivyo walivyoeleza wanakemia Brønsted na Lowry mwaka 1923, kila mmoja kivyake.

2. Besi inayoyeyuka majini huitwa alkali. Oksaidi ya shaba haiyeyuki majini, lakini ni besi: itie kwenye asidi ya salfa ya moto, ule unga mweusi unapotea na maji yanageuka bluu.

3. Usiwinde OH kwenye fomula. Hapa ndipo nilipoumia. Kidato cha tatu niliona C₂H₅OH (ethanoli, ile ya kwenye spiriti) nikaandika "besi", nikaona NH₃ (amonia) nikaandika "si besi". Nilikosa zote mbili, na kalamu haikusita hata kidogo. OH ya ethanoli imeng'ang'ania kaboni. Majini haitoki ikawa ioni (chembe yenye chaji), na litimasi nyekundu, karatasi ya kupimia asidi na besi, inabaki nyekundu. Amonia haina OH, ila naitrojeni yake ina jozi ya elektroni iliyo wazi. Jozi hiyo inanyakua H⁺ ya maji, kinachobaki ni OH⁻. Kabla ya kujibu, fuata protoni: imetoka wapi, imekwenda wapi?

4. Besi ikiwa majini hugeuza litimasi nyekundu kuwa bluu.

MASWALI

— Kwa hiyo spiriti ni besi au siyo?
Hatua ya 3.

— Mwalimu, nitumie notisi WhatsApp.
Notisi ndizo hizi.

— Shikamoo mwalimu. Magadi ya kuivishia maharage hayana OH, mbona yanateleza?
Marahaba. Umeuliza vizuri sana. Kaboneti iliyomo inachukua H⁺ ya maji, OH⁻ inabaki. Maji ya majivu nayo ni hivyohivyo, ila huko ni kaboneti ya potasiamu. Ule utelezi ni mafuta ya ngozi yako yanayoanza kuwa sabuni, kwa hiyo kostiki soda (NaOH, alkali kali) usiiguse kabisa.

— Nilishika litimasi juu ya amonia, haikubadilika.
Ulilowesha karatasi?

— Hapana.
Loweshea. Bila maji hakuna OH⁻.

— Shuleni kwetu litimasi hakuna.
Chemsha rosela, chuja. Kwenye ndimu inabaki nyekundu, kwenye magadi inaelekea kijani.

— Mama hutia magadi kwenye kisamvu kibaki kijani.
Kijani kinabaki kweli. Vitamini C ndiyo inayoharibika, mwambie apunguze.