Mtoto ana usonji (autism) na anakula vitu vitatu pekee: anzia hapa kabla hujanunua sirapu ya vitamini

Wazazi wa Kisumu na majirani, hii somo ni ya wale mtoto wao akiona mboga anatapika hata kabla haijafika mdomoni. Si jeuri, na si ati umemlea vibaya. Wengi wa hawa watoto harufu, rangi na vile chakula kinateleza mdomoni vinawapiga kwa nguvu kuliko sisi, sasa fikiria mrenda. Na kukosa vitamini hakuleti usonji, ni kule kuchagua chakula ndio kunaleta upungufu.

Hatua ya 1. Wiki nzima andika kila kitu anakula, hata biskuti ya kwa jirani, hata chai. Andika alichokula, si ulichompakulia. Kama hakuna tunda wala mboga hata moja, shuku amepungukiwa vitamini C. Hakuna nyama, samaki wala maharagwe, shuku madini ya chuma.

Hatua ya 2. Angalia mwili. Hapa ndio watu wanapotea. Mtoto anaanza kuchechemea, anakataa kutembea, ukimshika miguu analia, mnazunguka mkitafuta shida ya mifupa kumbe ni kiseyeye, na mwezi mmoja hadi mitatu bila vitamini C inatosha kukileta. Angalia fizi kama zimevimba au zinatoa damu, maana asiyeongea hatakuambia. Akigonga viti jioni giza ikiingia, fikiria vitamini A. Miguu ikipinda, vitamini D.

Hatua ya 3. Beba hiyo karatasi hospitali, omba daktari wa lishe, na damu ipimwe. Waangalie pia meno na choo kigumu, mtoto anaweza kukataa kula juu ya maumivu tu.

Hatua ya 4. Anza na kile anakubali. Anapenda chipsi? Kata kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, kile kimejaa soko za huku kwetu, kiwe saizi ile ile, kaanga vile vile, weka kimoja pembeni ya sahani na unyamaze. Akikigusa tu ni sawa, akikitupa kesho unaweka tena, na itachukua muda hadi uchoke. Mapera yana vitamini C kushinda machungwa, mpe bila kuyapika kwa sababu moto unaiharibu. Unga nao, ule wa pakiti sheria ya 2012 inataka uongezwe chuma, zinki na vitamini, wa poshomili kwa kawaida hauna hizo.

Na usifiche omena ya kusaga kwa uji wake ule anaupenda. Akigundua, uji pia umeisha, sasa umebaki na vitu viwili.

MASWALI

*Mama wa Nyalenda:* Wangu ni ugali na chai ya maziwa asubuhi mpaka usiku, si ninunue tu multivitamini?

Kabla ya hiyo dada, toa chai karibu na chakula, inazuia chuma kuingia mwilini. Maziwa pia yasizidi kama nusu lita kwa siku, yanamshibisha bure. Multivitamini daktari akisema sawa, lakini A na D zinabaki mwilini na zikizidi ni sumu, na dawa ya chuma ifungiwe mbali kabisa na watoto.

*Baba, Nakuru:* Nimeambiwa nikitoa ngano na maziwa usonji utapona.

Hakuna ushahidi wa kutosha wa hiyo, kaka. Sasa mtoto anayekula mkate na maziwa ukimtolea zote mbili atakula nini? Hiyo ni ya mwenye amepimwa na ngano au maziwa yakapatikana yanamdhuru.

*Mama, Busia:* Wangu anatafuna odowa (yale mawe laini ya udongo ya kula) na udongo wa ukuta, nimemchapa hadi nimechoka.

Wacha kumchapa mama. Kula udongo mara nyingi kunaendana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kumpa minyoo. Ukienda mwambie daktari wazi wazi "anakula udongo", usione aibu, apimwe damu na choo, na kama ukuta una rangi ya zamani itaje, inaweza kuwa na madini ya risasi (lead), hiyo nayo ina kipimo chake.