Kidonda cha mguu na kisukari: mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda kliniki

Wengi wanaouguza kidonda cha mguu hukazania dawa ya kupaka na bandeji. Mimi ningeanza na swali jingine: mguu wenyewe unapumzishwa? Kisukari cha muda mrefu huua hisia za wayo, hivyo mtu hukanyagia kidonda kutwa nzima bila kuumia, na kila hatua inaponda nyama changa inayoota. Mama anayesimama kwenye kibanda chake Gikomba tangu alfajiri anaweza kufungwa kidonda vizuri kila mara na kisipone. Kabla ya siku ya kliniki, kubalianeni nyumbani nani atashika biashara, kisha muulize daktari kuhusu plasta ngumu, kama ile ya mfupa uliovunjika, au kiatu maalumu cha kuondoa uzito kwenye kidonda. Kiatu hicho kivaliwe hata ukienda chooni usiku.

Viatu vya kila siku navyo uende navyo. Tia mkono ndani, papasa soli polepole: ncha ya msumari, mshono uliokakamaa, kijiwe. Mguu usiohisi hautakuambia.

Mwombe muuguzi apapase mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo, upande wa ndani. Yasiposikika, huenda mishipa imeziba, na kidonda kisichofikiwa na damu hakiponi kwa kufungwa tu. Utahitaji vipimo zaidi, pengine na daktari wa upasuaji wa mishipa. Sigara huzidisha hali hiyo.

Beba daftari la vipimo vya sukari na dawa zote unazotumia, za kienyeji pia, bila aibu. Usijinyime chakula kwa kuogopa sukari: kidonda huhitaji protini, na maharagwe, ndengu, mayai au omena zinatosha. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Piga picha ya kidonda kila wiki, rula ikiwa kando. Kama baada ya wiki 4 za matibabu hakijapungua nusu, omba kichunguzwe upya. Wakati mwingine maambukizi yameshafika mfupani.

Na kuna dalili zisizongoja tarehe ya kliniki: harufu mbaya, usaha, homa, kidole kuwa cheusi, au uvimbe na joto linalopanda mguuni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo linganisha joto la miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono. Ukiona mojawapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.