Giaboksi ya otomatiki ikivuja, anzia kwenye sampu

Osha chini ya giaboksi, iache ikauke, endesha kilomita kumi, kisha mulika kwa tochi. Oili nyekundu ikitokea mbele, karibu na injini, mara nyingi ni sili ya pampu (mpira unaozuia oili isitoke): giaboksi lazima ishushwe. Ikitokea ukingoni mwa sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, mara nyingi ni gaskiti, utando wa kuziba kati ya sampu na giaboksi.

Egemeza gari kwenye stendi, usitegemee jeki. Mwaga oili ukiipima, shusha sampu, kwangua gaskiti kuukuu. Ukingo uangalie kwa makini: bolti zilizokazwa kupita kiasi hupinda bati kuzunguka matundu, na gaskiti mpya itavuja vilevile. Unyooshe kwa nyundo ndogo juu ya ubao. Kaza kwa kupishanisha pande, kwa kipimo cha kitabu cha gari, mara nyingi chini ya 15 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Jaza oili kiasi kilekile ulichomwaga, kisha pima kiwango na uongeze iliyopotea kwa kuvuja.